Boliti ya Rangi Nyekundu

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumanne, 9 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Wifi hajambo? Na yule mwanao mdogo, kile kikohozi kimemtoka au bado mnakesha naye? Sisi huku ni wazima, ila uzima wetu wa siku hizi una viraka. Mama hajambo, miguu tu ndiyo inamlalamikia jioni. Baba anakula, analala, anaitikia akiitwa. Zaidi ya hapo siwezi kukueleza habari zake kabla sijakupa habari yenyewe.

Unanijua, nikiwa na jambo zito huzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Leo nitajitahidi kwenda moja kwa moja.

Mpwa wako Kiberiti alianguka na Kikongwe, pikipiki yetu ya siku zote, kwenye mashindano ya tarehe 31. Yu hai, usishtuke. Amevunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, upande wa kushoto, na paja limechubuka vibaya. Daktari amesema akae wiki sita bila kunyanyua hata kikombe kwa mkono huo. Anachosikitikia yeye ni kwamba alikuwa wa tatu.

Ilikuwa mzunguko wa nne. Mimi na Baba tulisimama kwenye uzio, mimi na chupa ya chai, yeye na saa yake ya kuhesabia. Kiberiti aliingia kona ya matairi, akashika breki kama alivyofanya mizunguko yote mitatu, na gurudumu la mbele likaganda palepale. Kikongwe alisimama kwa pua. Mtoto akaruka juu ya usukani, na kwa muda nilimwona hewani bila pikipiki. Baba aliruka uzio, Kaka. Ana miaka sabini na nne na goti bovu, na aliuruka.

Mkaguzi wa mashindano alipoitazama pikipiki, alikuta boliti ya mkono wa breki ya mbele imekatika. Ndiyo inayozuia kifuniko cha breki kisizunguke na gurudumu. Ikikatika, kila kitu kinajisokota na gurudumu linafungwa. Kichwa cha boliti kilikuwa na rangi nyekundu.

Wewe sihitaji kukueleza maana yake, lakini naandika ili nijisikie nikiisema. Aliyekaza ndiye anayepaka rangi yake ya kucha, na ikishapakwa, mtu mwingine haweki spana hapo. Baba nyekundu, wewe bluu, mimi nyeupe. Bado nacheka nikimkumbuka yule muuza duka aliyedhani Baba ana mchumba, kwa jinsi alivyokuwa akinunua vichupa. Zile boliti zako mbili za bluu chini ya tangi zipo hadi leo, hakuna aliyezigusa tangu uondoke.

Baba alikishika kile kipande, akatazama rangi, akamwambia mkaguzi mbele ya watu wote, "Rangi ni yangu. Msitafute mwingine." Akakitia mfukoni. Tulipofika nyumbani akakitupa kwenye kopo la vyuma chakavu.

Tangu siku hiyo ameacha kuiamini mikono yake. Akifunga mlango anamwomba Mama aende akahakikishe. Akizima jiko anarudi mara mbili. Juzi alinipa mkasi wake nimkatie kucha, yeye ambaye hakuwahi kumruhusu hata kinyozi amwambie ainamishe kichwa. Spana zote ameziteremsha ukutani na kuzifunga kwa gazeti, na Jumamosi hii atakuja bwana mmoja mwenye jumba la kuonyesha vitu vya kale, amchukue Kikongwe akamsimamishe nyuma ya kamba watu wamtazame. Kiberiti amelia mpaka macho yamevimba. Amemwambia babu yake kwamba mkono ukipona atapanda chochote alichokikaza babu. Baba akatoka chumbani. Hawezi kumtazama yule mtoto usoni, Kaka, na mtoto anadhani babu amemkasirikia kwa kuharibu pikipiki.

Sasa nifike ninapopaogopa.

Mwezi wa Juni, Kiberiti alirudi kutoka mazoezini akasema mkia wa Kikongwe unacheza. Nikachuchumaa nyuma nikagusa nati ya ekseli. Ilizunguka kwa vidole. Na ilikuwa nyekundu, imepakwa vizuri, haina hata mkwaruzo. Baba alikuwa ameipaka bila kuikaza. Wiki ile nikakuta nyingine kwenye mnyororo, na ya tatu kwenye kiti. Tatu zote zimepakwa, tatu zote zimelegea.

Nilipaswa kumwambia. Ningeanzaje? Mtu aliyetulisha, akatuvisha na kutusomesha kwa spana, nimwambie kwamba anakumbuka kukaza kitu ambacho hakukikaza? Nikaona heri nimsitiri. Kila mchana akijilaza, mimi niliacha nguo za watu kwenye cherehani, nikachukua spana, nikapita juu ya kila boliti nyekundu. Mwanzoni nilikuwa najaribu tu kama imekaza. Lakini hofu haitosheki. Kila nikigusa nilisikia sauti ikiniambia ongeza kidogo, ni mwanao anayepanda. Nikaongeza kidogo. Kesho yake kidogo tena. Ile ya breki ndiyo iliyonitisha kuliko zote, kwa hiyo ndiyo niliyoikamua kuliko zote. Wiki kumi, Kaka. Chuma chenyewe kimenizidi umri.

Baba alitufundisha kwamba boliti nayo hupumua, ukiikaba mno inakufa mkononi mwako. Na mimi ni mshona nguo. Kila siku nawaambia wanafunzi wangu kwamba uzi ukibanwa kupita kiasi hukatika mtu akiketi. Ningepaswa kuwa wa mwisho duniani kufanya kosa hili.

Kile kipande nilikitoa kwenye kopo. Kimevutika, kimekonda katikati, na nyuzi zake za kukazia nati zimeachana. Boliti iliyolegea haikatiki hivyo, inachezacheza na kuanguka nzima. Baba angeliona hilo mara moja kama angevaa miwani. Hakutazama chuma, alitazama rangi, na ikamtosha.

Kwa hiyo ni mimi. Mwanangu mwenyewe nilikaribia kumuua kwa mikono hii, halafu nikamwacha mzee abebe kosa langu siku tisa. Naona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Usiku wa pili nilifungua mdomo nimwambie, nikaishia kumuuliza kama anataka chai zaidi.

Si woga wa kugombezwa. Angenigombeza ningeshukuru. Ni kwamba siwezi kumtua mzigo mmoja bila kumtwika mwingine. Nikimwambia kwamba mimi ndiye niliyeikata boliti, ataniuliza nilikuwa natafuta nini kwenye rangi yake. Hapo itabidi nimwambie kuhusu zile tatu. Nikinyamaza, atakufa akiamini alimwangusha mjukuu wake. Nikisema, atajua kwamba hakumwangusha, na atajua pia kwamba angeweza. Nimepima pande zote mbili mpaka nimechoka kupima.

Mama ameshaanza kuninusa. Jana aliniuliza kwa nini napiga pindo la gauni la mteja mara ya tatu. Nikasema uzi mbovu. Akanitazama tu, akaendelea kuchambua mboga.

Barua hii niliianza asubuhi kwa namna nyingine. Nilikuomba wewe umpigie simu Baba, umweleze taratibu, maana maneno yako humwingia. Nilifika ukurasa wa pili nikaichana. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ningekutuma wewe uliye mbali umvue nguo mzee wetu, mimi nikae chumba cha pili nikisikiliza kupitia ukuta. Hapana.

Nimeamua hivi. Mdomo wangu umeshindwa, lakini mkono umeandika. Nikimaliza sitaifunga bahasha. Nitachukua karatasi hizi, miwani yake na kile kipande cha boliti, niende karakana, nimpe asome mbele yangu mpaka mwisho, bila mimi kuruka neno wala kutoka nje. Kama barua hii imekufikia, basi ujue ameisoma. Kama haikukufikia, utajua dada yako ni mtu wa namna gani, ingawa hutakuwa na karatasi ya kukuambia.

Nisalimie wifi sana, mwambie kitambaa alichotuma kimetosha magauni mawili na kilemba. Wabusu watoto. Kiberiti anakusalimu, anasema mjomba mzuri ni yule anayejua kwamba helmeti ikishapasuka hainunuliwi ya mtumba. Mama anakuombea kila alfajiri, na anauliza kama unakula vizuri au unadanganya. Mungu akuzungushie ulinzi wake wewe na nyumba yako, na atupe sote ujasiri wa kutazamana.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuhitaji,

Sindano.

*

Mwanangu,

Nimeisoma yote. Dada yako yuko hapa mbele yangu amekaa juu ya tairi, amekataa kutoka. Boliti nimeitazama kwa miwani. Ni kweli imekabwa, na nimemwambia hivyo, na mengine niliyomwambia ni yangu na yake. Habari ya Jumamosi bado sijaamua.

Lakini hesabu yake si sahihi, na sipendi ubaki na hesabu yenye kosa. Zilizolegea zilikuwa nne. Ya nne niliikuta mimi mwenyewe mwezi wa Mei, kwenye usukani, nyekundu. Nikaikaza, nikaipaka upya, nikanyamaza. Kesho yake nikamsukumia mtoto pikipiki apande.

Baba yako.