Mapovu ya Maji ya Ndimu

Madungu, Chake Chake
16 Oktoba, 1960

Kwa shoga yangu mpenzi Mwanamize,

Asalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta na afya njema, na kwamba kikohozi cha mama kimepungua. Mie mzima wa mwili, alhamdulillahi. Mwezi wa nane sasa niko Pemba, na bado nikifungua mdomo dukani kwa Bwana Walji watu hunijua papo hapo kuwa ni wa Unguja. Hunisalimia kwa heshima, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao. Nyumbani nachemsha chai ya kikombe kimoja.

Mwezi uliopita mkaguzi alikuja kusikiliza somo langu la kemia. Nilitayarisha betri sita za tochi, globu ndogo, na vijiti viwili vya kaa, yaani kaboni, nilivyovitoa ndani ya betri mbovu. Nikavitumbukiza katika maji ya chumvi, globu ikawaka. Katika maji ya sukari, haikuwaka. Nikawaeleza wasichana kwamba katika chumvi sodiamu imeipa klorini elektroni moja, na zikiingia majini huachana, kila moja na chaji yake, nazo ndizo zinazopitisha umeme. Atomu za sukari zinashirikiana elektroni, kwa hiyo sukari huyeyuka bila ya kugawika vipande vyenye chaji. Mkaguzi akitikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikaongeza kwamba kila kilichoungana kwa kushirikiana hakipitishi umeme hata kikitiwa majini.

Hapo akanyanyuka Moza, mtoto wa kijiji cha Wambaa anayekaa kwa shangazi yake hapa mjini. Akauliza, na asidi ya ndimu je, nayo si imeungana kwa kushirikiana? Alikuwa na ndimu ya kulia muhogo wakati wa mapumziko. Akaosha bilauri mara tatu, akaikamulia ndimu ndani yake, akatia vijiti. Globu haikuwaka. Nikashusha pumzi. Lakini yeye akainama akasema, "Mwalimu, kijiti kinatoa mapovu. Kwenye sukari hayakuwapo."

Nikamwambia sioni povu lolote. Akashikilia. Nikamwita mwongo mbele ya mgeni, nikamtoa nje.

Kesho yake hakuja, wala wiki iliyofuata. Nikafungua kitabu, ukurasa ambao sikuwahi kuufikia: asidi kama ya ndimu, ijapokuwa imeungana kwa kushirikiana, sehemu yake hugawika ikiingia majini. Kidogo tu, isitoshe kuwasha globu, lakini umeme hupita, na mapovu ndiyo dalili yake.

Nikapanda gari mpaka Mtambile, nikamaliza kwa miguu hadi Wambaa. Baba yake, Mzee Kificho, alikuwa akisuka dema la kutegea samaki. Hakuacha kusuka. Akasema, "Huyu nimemlea asiseme uongo. Nikawapa nyinyi, mkamwita mwongo." Nikamwambia kosa ni langu, sikutazama vizuri. Akakubali arudi, kwa sharti niyaseme hayo mbele ya darasa.

Niliyasema. Mwalimu mkuu alikasirika, akaniambia mwalimu hamwombi radhi mwanafunzi, na tangu siku hiyo nikiingia chumba cha walimu maneno hukatika. Moza amerudi. Anakaa pale pale, anaandika kila kitu, lakini mkono haunyanyui tena.

Sasa nikwambie, Mwanamize, lile ambalo sijamwambia mtu. Niliyaona yale mapovu. Niliyaona kabla yake. Nilimtazama mkaguzi na kalamu yake, nikaogopa. Hata radhi niliyoiomba Wambaa na darasani ilikuwa ya uongo.

Juzi, wenzake Moza walipotoka, nikamzuia mlangoni nikamwambia yote.

Akanijibu, "Najua, mwalimu. Nilikuwa nakutazama."

Kisha akaomba ruhusa, akachukua daftari lake, akaenda.

Nisalimie mama, na watoto wote wa nyumbani uwabusu. Ukipata nafasi niandikie, hata mistari miwili.

Wako akupendaye,
Mwanawema