Mwaloni wa Viatu

Krzywulka, tarehe 12 Septemba

Mpendwa Dada Gertruda,

Salamu zangu zikufikie huko Poznań, na zikukute umeketi vizuri, kwa sababu barua hii ni ndefu na kuna mahali utataka kushika kitu. Shemeji Walenty hajambo? Goti lake limekubali ngazi au bado linagoma? Na wewe, kile kikohozi kimekuacha? Mimi ni mzima wa afya, ila mgongo umeanza kunikumbusha kwamba nimetimiza miaka hamsini na tisa. Paa halivuji. Mbuzi amezaa mapacha, na wote wawili wana akili kumzidi baba yao.

Najua utashangaa kupata barua yangu mwezi wa Septemba. Tangu mazishi ya mama, miaka saba sasa, sisi tunaandikiana kadi ya Krismasi na ya siku ya somo, basi. Siku ile uliniuliza mama alikuwa akiokota wapi uyoga wake, nikakujibu kwamba ameondoka na siri yake. Ukaniita mwongo mbele ya padri, ukapanda basi kabla ya chakula, na supu yako nikainywa mimi. Mtu wa mbali angecheka kusikia ndugu wa tumbo moja wamenuniana kwa ajili ya uyoga. Wewe na mimi hatucheki. Nyumba mtu anaweza kujenga nyingine, lakini mahali pa uyoga pa mama hapana pengine. Sasa nataka uje nyumbani, ndiyo maana naandika, ila niache nianzie mbali kidogo kama kawaida yangu.

Unajua kwamba mimi ndiye mpaka rangi wa njia ya kijani, ile inayotoka kanisani kwetu hadi kilele cha Kopka. Huu ni mwaka wa ishirini na sita nabeba kopo na brashi: mstari mweupe, wa kijani, mweupe, mti hadi mti, ili watu wa mjini wasipotee wakaliwa na dubu, au vibaya zaidi, wakaja kubisha kwangu kuuliza choo. Jumanne iliyopita chama chetu cha watembeaji milima kilimtuma Bi Halszka Wrona aje kuikagua njia. Ni mwanamke mfupi, kofia yake ina beji nyingi kuliko za jenerali, na anatembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Dada, mambo tuliyoyaona siku hiyo! Kwanza, makaburini tulikuta gari la Bonawentura, jirani wa nyumba ya bluu. Msimu wa uyoga huliacha pale kisha akatembea kilomita tatu, ili mtu asijue ameingia msitu upi. Na ili asishukiwe, hununua maua akayaweka kwenye kaburi lililo karibu na lango. Marehemu wa kaburi lile ni fundi saa ambaye hakuwa na ukoo hapa kijijini, na sasa ndiye marehemu anayependwa kuliko wote parokiani. Bi Halszka alisimama, akafanya ishara ya msalaba, akasema upendo wa namna hiyo umekuwa adimu. Nikasema ni kweli.

Kwenye kijito tulimkuta bibi harusi. Alikuwa peke yake juu ya gogo, gauni jeupe amelikunja hadi magotini, mabuti ya mpira miguuni, anakula yai la kuchemsha. Alitueleza kwamba harusi ilikuwa Jumamosi, leo wamekuja kwa picha tu. Mpiga picha aliingia msituni kutafuta mwanga mzuri, na bwana harusi akaenda kumtafuta mpiga picha, na sasa ni saa nzima. Bi Halszka akamwuliza kama hana wasiwasi. “Wasiwasi wa nini, mama?” akasema yule binti huku akimenya yai la pili. “Wote wawili wameondoka na vikapu.”

Juu kidogo majani ya kangaga yakatikisika, mimi nikadhani ni nguruwe mwitu. Kumbe ni Padri Hieronim, kapiga magoti. Tulimwamkia, naye akatuambia, bila kuulizwa, kwamba anasali. Kofia yake ilikuwa imefunika kitu pale chini, na kitu hicho kilikuwa na mshikio kama wa kikapu. Bi Halszka akataka kujua kama mwaka huu kuna uyoga. Padri akashusha pumzi, akasema hakuna, pamekauka mno, labda mwakani. Ndivyo tunavyosema sote hapa, kuanzia hakimu hadi mchunga kondoo, hata kikapu kikituvunja bega. Padri angalau alitazama juu kuomba radhi.

Baada ya hapo njia inakata kushoto na kushuka kwenye kinamasi. Wewe uliyekulia hapa utajiuliza kinamasi kimeingiaje, maana njia ya kijani ya utoto wetu ilipita juu, kwenye nchi kavu. Vuta subira. Bi Halszka alizama hadi katikati ya muundi, mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Nilikiopoa kwa fimbo, kwa ustadi wa mtu aliyekwisha kuopoa vingi, na nadhani hapo ndipo alipoanza kunitazama kwa pembe ya jicho.

Ng’ambo ya kinamasi ndipo ulipo mti mmoja wa mwaloni, na mwaloni huo umezaa viatu. Nilihesabu themanini na kitu, nikachoka. Kuna mabuti, raba, ndara, kiatu cha mtoto, hata kiatu kimoja cha dansi chenye kisigino, na sijui mwenyewe alikuwa akienda kucheza na nani. Vya kwanza nilivitundika mimi. Watu walikuwa wamevipoteza matopeni, nikaviweka kwenye tawi ili wenyewe wakirudi wavione. Hawakurudi. Wakaja wengine, wakaona viatu mtini, wakadhani ni mila yetu ya kale, wakavua vyao wakatundika. Mwaka huu nasikia kwamba ukitundika cha kushoto unapata mchumba, na cha kulia magoti yanapona (Shemeji asisikie hilo). Siku hiyo tulimkuta bwana mmoja wa makamo kutoka Łódź akirudi kituoni kwa kurukaruka na mguu mmoja, kilomita sita, na uso umejaa furaha. “Babu yangu alinisimulia habari za mti huu, bwana!” aliniambia. Mti huu, Truda, una miaka miwili tu katika kazi hiyo.

Bi Halszka alifurahi kupita kiasi. Alisema kilele chetu hakina lolote la maana, mti huu ndio utakaoleta watu. Akatoa ramani na penseli, akachora mstari kutoka mwaloni kupanda mlimani (upande gani, siandiki hapa). Njia mpya, pana, yenye benchi mbili, na mimi niipake rangi kabla mwezi haujaisha. Niliifuata ile penseli kwa macho, nikakaa chini palepale kwenye tope. Penseli ilikuwa imepita katikati ya mahali pa mama.

Sasa shika meza.

Mama hakuondoka na siri yake. Saa chache kabla hajafa aliniita kitandani, akamfukuza muuguzi, akamfukuza hata paka, akanieleza yote, jiwe kwa jiwe. Nimeokota pale peke yangu miaka saba. Na miaka miwili iliyopita, watembeaji walipozidi, nilikuta ganda la ndizi hatua arobaini tu kutoka pale. Sikulala siku mbili. Siku ya tatu nilichukua kopo langu, nikakwangua alama zote za njia ya juu, nikaigeuza njia nzima ikashuka kinamasini. Mimi, mpaka rangi ninayeaminiwa na kila mtu, niliwatosa raia wema kwenye matope ili wasiukaribie uyoga wangu. Kila kiatu kwenye mti ule ni dhambi yangu inayoning’inia.

Nilimwambia Bi Halszka yote nikiwa nimekaa vilevile chini. Nilitegemea matusi. Alivua kofia yake, akauliza jambo moja tu: ni borowik? Nikasema ndiyo, ni borowik, mfalme wa uyoga, vichwa vya kahawia kama mkate uliotoka tanurini, mashina kama ngumi ya mtoto, wala hakuna hata mmoja mwenye funza. Basi akageuka, akakipa mgongo kilima chote, asije akaona macho yangu yanaelekea wapi. Alisema mjomba wake alikufa na siri ya mahali pake, na mpaka leo ukoo mzima hutembea msituni Jumapili ukimlaani kwa upole. Kisha akaufuta ule mstari kwa ufutio hadi ramani ikatoboka.

Lakini hakuniachia hivihivi. Ameamua niirudishe njia ya juu kwa mikono yangu, nikwangue kila alama ya kinamasini, halafu nikabidhi brashi, na nisiiguse mwaka mzima. Nimekubali. Nimestahili, na imeniuma sana. Machozi yalinilengalenga pale, nikasema ni mbu.

Tulipokuwa tukishuka akaniuliza kama nina ndugu. Nikasema ninaye dada. Akauliza, na yeye anapajua? Nikamjibu kwamba dada anaishi mbali. “Poznań iko wapi najua, Bwana Ludomir,” akasema. “Hilo sikukuuliza.”

Basi jibu nakupa wewe. Mama aliponieleza siri yake alimalizia na maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: “Mpeleke Truda. Aingie yeye kwanza, wewe una pupa na unakanyaga.” Si kwamba aliniambia mimi kwa sababu alinipenda zaidi. Aliniambia kwa sababu nilikuwa karibu na kitanda, na treni yako ilikuwa bado njiani. Ulipofika, nikanyamaza. Ulipouliza, nikadanganya juu ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka. Ulafi ulikuwepo, sikatai, lakini haukuwa ulafi peke yake. Wewe ulichukua sauti yake, na mikono yake, na akili yake. Kila aliyeingia jikoni kwetu alisema Truda ni mama mwenyewe, na mimi nikaambiwa nilete kuni. Nilitaka kitu kimoja chake kiwe changu tu. Nilikipata, dada, na kila Septemba nimepiga magoti pale nikiona aibu, na kikapu nikakijaza hivyohivyo.

Zile kamba za uyoga mkavu ninazokutumia kila Krismasi, nikaandika kwamba nimenunua sokoni, zilitoka pale. Mwaka juzi ulinijibu kwenye kadi kwamba uyoga wa sokoni siku hizi unanukia kama jikoni kwa mama. Sentensi hiyo nimeisoma hadi kadi imelegea. Ulijua, na hukunifedhehesha. Nisamehe, Truda.

Mwaka huu sijaingia. Mvua imenyesha siku nne, leo jua limetoka, huna haja ya kuambiwa maana yake. Nimejaribu kukuchorea ramani, nikaichana mara tatu, kwa kuwa barua zetu zote hupitia kwa Kunegunda wa posta, na birika lake huchemka hata siku asizokunywa chai, mvuke ukifungua bahasha za watu. Nitakupeleka mwenyewe. Wewe utatangulia. Mimi nitasimama nyuma mpaka uniite, na usiponiita, nitasimama.

Nisalimie sana Shemeji Walenty. Naye anakaribishwa, kitanda kipo, ila asubuhi ile atabaki nyumbani na mbuzi. Ni mtu mwema, lakini ana ndugu tisa. Wasalimie na wanao, na uwabusu wajukuu. Padri Hieronim anakusalimu pia, anasema bado anakuombea na kwamba uyoga hakuna.

Basi la Ijumaa linafika saa nane mchana. Nitakuwa kituoni tangu saa tano.

Mdogo wako akupendaye,
Ludomir