VPN Ilisema Niko Uholanzi, Mkwe Akajua ni Mimi

Dada Dianah mshauri,

Naomba msaada, na usinijibu kwa Kiingereza kingi maana shule niliacha darasa la tatu na nimelea watoto watano bila hicho Kiingereza. Nakaa Ngoingwa hapa Thika, na mkwe wangu Muriithi, bwana ya binti yangu Ngendo, ni fundi wa simu huko Ruiru, na matapeli waliponisumbua alikuja akaweka VPN kwa kale kasanduku ka wifi na proksi kwa simu, akaniambia, "Mama, fungua hii tovuti ya kukagua. Ikiandika Thika, nipigie. Ikiandika Uholanzi, hakuna mtu atajua uko wapi." Nikafungua, Uholanzi, nikafurahi, na kwa vile nilikuwa na mzigo moyoni, hawa watu wamekaa kwa ndoa miaka sita na hakuna mtoto, na mambo ya chumbani mama mkwe hawezi kumuuliza mkwe, hiyo kwetu ni aibu kubwa, nikaingia kwa ukurasa wa maombi, nikajiita Mama Zipporah, nikaandika wamwombee mkwe wangu fundi wa simu wa Ruiru, ndoa miaka sita bila mtoto, mke wake ni mzima, shida iko kwake. Sasa wateja wanamcheka kibandani, ati "Fundi, maombi yameshika chaji?" Amekataa kukanyaga kwangu na Ngendo hashiki simu yangu. Nimekagua tena na tena, bado ni Uholanzi! Sasa ilivuja wapi? Mimi nasema aliweka kitu ya kunichunguza. Nimechoka, dada. Chai napika ya watu watatu, nakunywa peke yangu. Nimwite kwa wazee ama nifanye nini?

Shosho, Ngoingwa

Shosho,

Pole kwa hiyo chai. Lakini VPN haikuvuja, na Muriithi hakukuchunguza. Ulikagua vizuri kuliko vijana wengi. Hiyo kitu inaficha simu yako iko wapi, haifichi ulichoandika kwa mkono wako. Wewe ulijificha Uholanzi, mkwe ukamwacha Ruiru katikati ya barabara bila nguo. Watu walimjua fundi, na yeye mama mkwe ana mmoja tu. Alihitaji mashine ya nini?

Na "shida iko kwake" ulisikia wapi? Kwa daktari? Hata kwa barua yako kwangu umemwaga majina yao yote na alama iliyo usoni mwake. Majina na miji nimebadilisha, alama nimeifuta. Wacha hiyo tabia.

Wazee usiwaite, hao ni masikio mengine tu. Futa ule ujumbe leo, na uwaandikie wenye ukurasa wauondoe kwao. Ngendo usimtume, yeye ameumia pia. Kisha nenda Ruiru mchana, wakati hao wanaocheka wako hapo. Huwezi kuongea mambo ya chumbani na mkwe, basi usiyaongee. Sema tu, "Aliyeandika ni mimi, na niliandika kitu sikijui." Mtoto usimtaje, siku hiyo wala nyingine. Usilie, maana atalazimika kukubembeleza na aliyeumizwa ni yeye.

Ukimaliza, mpe simu yako aikague, ungoje kwa foleni kama mteja mwingine. Akikataa kuipokea, mwambie asante, urudi kesho.