Wamenifungia Stoo na Mawe Yangu

Aboth, nimefungiwa stoo hapa Tiira. Sitanii. Wachimba dhahabu wamenikuta nikigonga mwamba kwa nyundo.

Nimewaeleza sitafuti dhahabu. Nimesema jiwe hili liliiva kwa joto kali chini ya milima ya kale, na chembe zake zitaniambia ni lini, niandike kwenye tasnifu yangu ya chuo.

Mwenyekiti wao, Odwori, akauliza, "Milima gani? Mimi nimezaliwa hapa."

Nikasema ilishamomonyoka, imebaki mizizi tu. Milima gani, Aboth. Hata mimi nilijisikia mwongo.

Halafu mama mmoja, Ariokot, akaja dirishani. Akasema polepole, "Binti yangu, nyumba yangu imesimama juu ya mwamba huo. Ukishaandika, nani atasoma?"

Nikasogea dirishani. Akarudia, "Nani atasoma?"

Nikamwambia ukweli: yeyote, hata kampuni za migodi zinazohamisha watu.

Akaondoka bila kugombana.

Sasa Odwori amefungua mlango, ananiambia nichukue mfuko wangu niende zangu.

Mfuko una mawe kumi na moja, ndiyo digrii yangu yote. Nje wamesimama watu kama thelathini, Ariokot mbele yao. Hakuna anayenizuia.

Nimeshindwa kuunyanyua, na si kwa uzito wa mawe.