Nilishonea Barua za Mpwa Wangu Ndani ya Kochi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila ujue tangu mwanzo kwamba mimi si mtu wa kuomba ovyo, mtaa mzima wakitaka kochi la kukaliwa na watu wazito bila kulia wanakuja kwangu, nina miaka ishirini kasoro mmoja na mafundi wenye mvi wananiita Profesa wa Sponji, shule niliachia darasa la sita lakini mikono hii imesoma kuliko wengi wenye vyeti, kwa hiyo usione nimekuandikia ukadhani nimeishiwa. Nimekwama tu. Hata lori hukwama.

Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana miaka tisa, tunamwita Betri kwa sababu haishi chaji. Akila anasimama, akisimulia anazunguka meza, ukimtuma vitu vitatu anarudi na kimoja na hadithi ndefu ya yaliyompata njiani, lakini akili anayo, tena nyingi, karithi kwa mjomba. Kule tulikokuwa tunaishi daktari alimpima akasema ana ADHD, yaani kichwa chake kinashika mambo kumi kwa mpigo na kutulia kwake ni kazi ya jasho, si utundu wala si malezi mabaya. Mwalimu wake wa kule, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akampangia mambo yake: akae mbele mbali na dirisha, apewe maagizo moja moja, aruhusiwe kusimama, na kwenye mtihani aongezewe muda. Betri akatoka mkiani akawa wa nane. Wa nane, mshauri, darasa la watoto arobaini na mbili.

Sasa dada anafua mashuka ya hospitali, wakamhamishia hospitali nyingine, tukahama wote. Mwalimu yule akaandika barua ya kurasa mbili, akaiambatanisha na ya daktari, akatia kwenye bahasha ya kaki na ripoti ya mtihani, akamwambia dada, "Hii ifike kabla hata ya begi lake." Siku ya kuandikisha dada hakupata ruhusa kazini, akanipa mimi.

"Mdogo wangu, umpe mwalimu mkuu mkononi. Mkononi, umenisikia?"

Nikamwambia, "Dada, mimi napeleka makochi ya watu bila mkwaruzo, karatasi ndiyo itanishinda?"

Ikanishinda. Nilipofika getini nikaifungua nichungulie, nikakutana na "mahitaji maalumu" mstari wa kwanza, nikaishia hapohapo. Sasa nikwambie kitu ambacho hata dada hakijui. Nikiwa darasa la nne mwalimu wangu alinipa kikaratasi nimpelekee mwalimu wa la tano ambaye ndiye angenipokea, nikakisoma njiani, kimeandikwa "huyu ni mzigo, mweke nyuma", na mimi kwa ujinga wa utoto nikakipeleka, kwa miguu yangu mwenyewe, nikamsubiri akisome. Nikawekwa nyuma mwaka mzima, na huko nyuma ndiko nilikouzoea mlango. Kwa hiyo nilipoiona hiyo barua nikasema huyu mtoto haingii hapa na chapa kwenye paji la uso. Nikazitoa barua zote mbili nikazitia mfukoni, nikaacha ripoti peke yake. Nikamwambia Betri, "Leo kaa kama picha." Mtoto akakalia mikono yake dakika ishirini nzima mbele ya mwalimu mkuu, mimi pembeni najitapa kwamba ukoo wetu wote ni vichwa na watulivu, na tulipotoka viganja vyake vimejaa mistari ya benchi. Akaniuliza, "Mjomba, sasa naruhusiwa kusogea?"

Barua niliogopa kuzichana na niliogopa kukaa nazo. Karakanani nilikuwa namalizia kochi la watu watatu, nikazipenyeza kwa muda tu nyuma ya sponji ya mgongo, nikapiga kitambaa pini, kazi safi, huwezi kujua. Nikatoka kununua gundi, kurudi mwenye kochi keshakuja na mkokoteni kalichukua. Sasa liko saluni, nyumba tatu kutoka kwetu. Kila nikipita naona kina mama wana rola kichwani wameegemea barua ya daktari. Juzi mmoja akaniita, "We fundi, kochi lako zuri, ila mgongoni linachakacha kama gazeti." Nikamwambia hiyo ni sponji ya kisasa, inapumua.

Dada nikamwambia wamezipokea na wameahidi kuzifanyia kazi. Huu ni mwezi wa pili. Betri amekalishwa dirishani, akisimama anatolewa nje, daftari linarudi limeishia nusu ukurasa, na sasa hasimulii tena, anarudi anavua viatu, kimya. Ukimya wa mtoto yule ni kama kuzimiwa redio ndani ya nyumba. Mwalimu wa darasa ametuma ujumbe: mtihani ni baada ya wiki tatu, akishindwa anarudishwa la tatu. Dada anaamini shule imezipuuza barua. Ameomba ruhusa Jumatatu aende, na kila akipiga pasi anafanya mazoezi ya kugombana: "Nitawauliza, barua ya daktari mmeifungia sabuni?" Na mimi nimekaa hapo najifanya natafuta sindano, maana najua mwalimu atajibu "barua gani?", na dada atageuza shingo polepole kunitazama mimi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba karakanani mtoto huyo ni mtu mwingine. Nampa kopo moja la vifungo, si matatu, namchorea chaki pa kuvipanga, akimaliza mstari anakimbia mpaka nguzo ya umeme na kurudi, na hakosei hata kimoja.

Nimefikiria niingie saluni nisingizie nakaza mgongo wa kochi, nichomoe barua, nimpelekee mwalimu mkuu kimyakimya kabla ya Jumatatu, na dada asijue mpaka anazeeka. Mpango umekaa vizuri ama vipi? Nijibu upesi, na siku ukitaka kochi, unajua pa kuja.

Mimi, Profesa wa Sponji

*

Profesa,

Barua yako nimeirusha foleni kwa sababu gazeti hili linatoka Jumamosi na Jumatatu yako ni kesho kutwa. Mpango haujakaa vizuri. Huo ni ufundi uleule wa kupiga pini juu ya kitu, na kitaendelea kuchakacha.

Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio, kisha ningekuwekea chai. Kikaratasi ulichobebeshwa darasa la nne kilikuwa dhuluma, na mtoto hakupaswa kutumwa kujipeleka mwenyewe namna ile. Pole sana. Lakini umelipiza kisasi kwa karatasi isiyo na kosa. Chako kilikuwa tusi. Cha Betri ni vipimo. Mteja akija kwako na urefu, upana na kimo cha sebule yake, unaona amelitukana kochi? Wewe unakata kitambaa bila vipimo? Ulisoma mstari mmoja ukaacha kurasa mbili, na mimi ambaye sijaziona nakwambia ndani yake mna kopo moja moja, mna chaki, na mna ruhusa ya kukimbia mpaka nguzoni. Kazi unayoifanya vizuri kuliko wote ndiyo uliyoificha.

Sasa sikiliza, na usinikatize kwa majigambo.

Leo hii, kabla dada yako hajashika pasi, mwambie. Yote, pamoja na kikaratasi chako cha zamani, maana bila hicho hatakuelewa. Atakasirika, ana haki, wewe nyamaza mpaka amalize. Ukichelewa atakwenda kumtukana mwalimu ambaye hajakosa, na huyo mwalimu ndiye anayehitajika upande wenu kuliko mtu yeyote. Yeye naye miezi miwili hii anadhani nyumbani kwenu hakuna anayejali.

Kisha nenda saluni na koleo lako, mwambie mwenye saluni ukweli, ufungue mgongo wa kochi mchana kweupe mbele yao. Watakucheka. Vumilia, ni sehemu ya adhabu. Na bado dada ampigie yule mwalimu mwenye miwani ya kamba, amwombe azungumze na mwalimu huyu mpya. Mwalimu humsikia mwalimu mwenzake haraka kuliko anavyotusikia sisi.

Jumatatu mwende watatu. Dada asianze na "mmepuuza", aanze na "tumechelewesha". Aombe mambo machache yanayoshikika: kiti cha mbele mbali na dirisha, maagizo moja moja, na kazi ya kusimama iliyo halali, kama kugawa madaftari au kufuta ubao. Kuhusu mtihani, aombe kwa maandishi muda wa ziada na chumba tulivu, na suala la kurudishwa darasa lisubiri mpaka mtoto ameupata msaada huo kwa muda wa kutosha. Muachane mkiwa na tarehe ya kukutana tena baada ya mwezi. Ahadi isiyo na tarehe huishia mlangoni. Wasipokubali kitu, waulize sababu, kisha mrudi kwa daktari awaandikie upya, mwende ofisi ya elimu. Shule nyingi zikionyeshwa njia huwa hazifiki huko.

Wewe kazi yako ni kueleza habari ya kopo, chaki na nguzo. Hakuna atakayekuuliza cheti.

Jambo la mwisho ni lako, na sikupimi kwa barua. Kijana aliyeandika sentensi zisizopumua kama zako, aliyewekwa nyuma akauzoea mlango, siku akimsindikiza mpwa wake kliniki anaweza kumuuliza daktari swali moja kuhusu kichwa chake yeye mwenyewe, kama nacho kinashika mambo kumi kwa mpigo. Haigharimu kitu, na madarasa ya watu wazima yapo.

Jumatatu uvae shati lisilo na gundi. Barua zote mbili umpe mwalimu mkuu mkononi, kama ulivyoagizwa. Na Betri akiinuka katikati ya mazungumzo akazunguka ofisi nzima, usimwambie akae kama picha. Mwache atembee, mwalimu amwone alivyo, na mikono yake iwe huru.