Gari Lisilo na Mlio

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Gari nalitoa sadaka. Siliuzi, wala simpi shemeji aliyelimezea mate tangu mwaka juzi. Linakwenda kwa wale wa hisani wanaowapeleka wagonjwa wa figo hospitali kusafishwa damu. Kigari chao cha dizeli kimechoka, wiki nzima ni kusukuma. Nimempigia nesi mkuu wao saa nne. Akauliza kama nina hakika. Mimi! Miaka ishirini na minane nimefundisha watu udereva, nusu ya mji huu wamekanyaga breki yao ya kwanza mbele yangu. Nikisema nimeamua, nimeamua.

Sababu yenyewe naiandika hapa tu. Jicho la kushoto. Daktari wa macho amesema ni presha ya jicho, na upande uliokwisha kufifia haurudi. Nisiendeshe tena. Cheti chake nimekichomeka kwenye jalada la daftari hili. Mwalimu wa udereva asiyeona pembeni! Si watacheka hadi walie?

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu kauliza mbona ghafla hivi. Jibu nilikuwa nalo tayari: gari halina mlio. Ni haibridi, likienda polepole linatumia umeme, kimya kama paka anayenyemelea. Nikamkumbusha mama wa mayai, yule muuzaji niliyekaribia kumgonga pale kona ya duka la dawa, mwezi uliopita. Trei mbili chini, yeye mwenyewe kaponea chupuchupu. Atasikiaje gari lisilonguruma?

Shemeji akadakia kwamba yeye alisema zamani. Hajawahi kusema. Mke wangu akatikisa kichwa, yakaisha.

(Mama wa mayai alitokea kushoto.)

Jumamosi, 8 Machi

Wamekuja kulichukua. Nililiosha mwenyewe tangu alfajiri, hadi chini ya viti. Lina miaka kumi na minne lakini betri kubwa nilibadilisha juzijuzi, linakwenda bado. Nesi mkuu alizunguka mara mbili akipapasa milango, akasema wagonjwa wake watadhani wameolewa.

Dereva wao namfahamu, nilimfundisha mimi. Jina la utani Taratibu. Alifaulu mtihani mara ya nne! Kabonyeza kitufe cha kuwasha, hakusikia kitu, akabonyeza tena — kazima. Mara tatu. Nikamwonyesha taa ya kijani: hiyo ikiwaka gari liko tayari, usingoje kelele. Akatoka getini mwendo wa harusi.

Nikabaki nimesimama na ndoo. Nililia kidogo. Sabuni, nikasema.

Jumanne, 11 Machi

Sifa kila kona. Kinyozi kanikatalia malipo. Nilizipokea kifua mbele, kwani kutoa si nimetoa kweli? Kisha nikakutana na mama wa mayai. Akaniombea baraka, halafu akaniomba radhi. Yeye! Eti siku ile alivuka bila kuangalia vizuri. Nikamwambia yamepita, mama.

Aliangalia vizuri sana. Nimeona aibu hadi sasa hivi.

Ijumaa, 14 Machi

Nesi mkuu kapiga simu. Taratibu amegoma kuliendesha. Shemeji — huyu mtu na mdomo wake! — alimsimulia habari za mayai, na gari ambalo hata Mwalimu mwenyewe lilimshinda. Sasa linakaa chini ya turubai. Kigari cha dizeli kilikufa jana asubuhi na wagonjwa wawili wamekosa zamu yao ya kusafishwa damu. Mmoja amevimba miguu hata viatu haviingii. Nesi hakunilaumu. Alisema tu kesho wanalirudisha, pengine mimi nilipatie mnunuzi, wao watafute jingine.

Nimelisingizia gari. Njia ya mwongo fupi, lakini hii hata wiki mbili haikufika!

Jumamosi, 15 Machi

Wako sebuleni. Nesi mkuu, shemeji aliyejileta mwenyewe, mke wangu anamimina chai. Taratibu amekataa kukaa. Kaweka ufunguo mezani kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akasema:

“Mwalimu, kama wewe lilikushinda, mimi ni nani?”

Nikaomba dakika tano nikachukue miwani. Miwani iko usoni. Nimekuja chumbani, nimekaa ukingoni mwa kitanda, cheti cha daktari kiko gotini.

Haya. Gari ni zima. Breki nzima, betri nzima. Kibovu ni mimi, tena upande mmoja tu! Kufundisha hakuhitaji usukani. Miaka yote ile kiti changu kilikuwa cha abiria, na Taratibu alifaulu nikiwa nimekaa kwenye hicho hicho. Nitakaa naye hadi aizoee taa ya kijani, na Jumatatu wale wagonjwa wawili wawe wa kwanza kufika hospitali. Mama wa mayai nitamfuata nyumbani kwake leo leo, kwa miguu.

Wacheke wakipenda.

Mke wangu yuko mlangoni. Anasema chai inapoa. Sasa ameiona karatasi, anauliza ni ya nini. Nimemwambia twende, nitaisoma mbele ya wote, ila yeye akae kushoto kwangu, upande ule —