Umelikalia Jina la Mama Yangu

Mpenzi wangu wa zamani,

Nimeisikiliza albamu yako mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila mara naizima kwa kinyaa. Ingekuwa mbaya ningekuwa nimeshaisahau. Lakini ni nzuri, na hilo ndilo linalonichefua. Saksafoni yako inazurura kama mtu asiye na kwao: inaingia kwenye ngoma za Kihindi, inatoka na nyuzi za udi wa Waarabu, inabishana na wapiga ngoma wa Brazili, halafu inanyamaza ghafla mpaka najikuta nimeacha kuosha vyombo.

Kisha unafika wimbo wa nne, na anayeimba ni bibi yangu.

Unaikumbuka siku ile kule Mwanda? Majirani wa Voi walikuwa wamekuchoka, ukawa unafanyia mazoezi kando ya mashamba ya mkonge kule Mwatate, midomo imekupasuka kwa vumbi. Nikakupandisha milimani ukamwone bibi. Ulimpulizia ukiwa umesimama mlangoni pa jiko, naye akaniambia, bila hata kukutazama, "Huyu kijana anapuliza kama ako na njaa. Mpe kimanga." Tulicheka mpaka ukashindwa kupuliza. Nilikupenda sana siku ile, sitadanganya.

Akaendelea kuponda mihogo na maharagwe ya kimanga sufuriani, huku akiimba wimbo wake wa kumlilia mama yangu, alioutunga mwenyewe baada ya kumzika. Ukaomba kumrekodi kwa simu, ya kujifunzia tu, ulisema. Alikubali kwa sharti moja. Wimbo ule unaisha kwa kumwita mama kwa jina, na hapo pasiguswe.

"Ukiupiga mahali, uumalize," alikwambia. "Hapo mwisho ndio mtoto wangu ako."

Uliitikia kwa kichwa, kimanga kimekujaa mdomoni.

Sasa kwenye albamu bibi anaimba, mwiko unagonga sufuria, anakohoa kidogo kama kawaida yake, anavuta pumzi amwite mama, na hapo hapo unaingia wewe na saksafoni. Umelikata jina, ukakaa mahali pake. Najua mashabiki wako watasema saksafoni ndiyo inayoliita. Upuuzi mtupu. Tena nimekusikia ukihojiwa, sauti imekulainika, ukisema ni wimbo wa kuita mvua, wa mwanamke asiyejulikana uliyekutana naye safarini. Asiyejulikana, na ulikula kwake ukaongezwa.

Majuzi nilimpelekea bibi wimbo huo. Sikutaka, ila alikuwa amesikia kwa watu kwamba umetoa nyimbo, akaning'ang'ania. Alisikiliza ameishika simu kwa mikono miwili. Ulipoisha akasema unapuliza vizuri siku hizi, njaa imekutoka. Nilidhani hakugundua. Kisha akauliza, taratibu, "Mbona hakumaliza?"

Nilitazama chini tu, naona aibu kwamba ni mimi niliyekuleta pale jikoni.

Akaniambia niurudie. Safari hii sauti yake ilipovuta pumzi kwenye simu, naye alivuta, na kabla saksafoni yako haijaingia alikuwa ameshaita, "Mghoi." Aliita kwa nguvu, sauti ikipasuka, wewe ukipuliza huko chini yake. Halafu akanirudishia simu, akatoka kwenda kuwafunga mbuzi.

Sasa kila nikienda ananiambia niuweke wimbo huo. Anaungoja mahali pale, anaumalizia mwenyewe. Ana umri wa kupumzika, na wewe umempa kazi.

Sihitaji samahani yako. Rudi studio, urudishe jina pale ulipolitoa, na useme huyo mwanamke ni nani. Kama umemsahau, utamwona hapa chini. Mpaka siku hiyo usinitumie salamu wala picha za majukwaa yako. Nakuaga bila kukutakia safari njema, maana safari zako nimeona zinavyokula watu.

Ni mimi,
mtoto wa Mghoi, mjukuu wa Wakesho wa Mwanda.